Herufi Mbili Chini ya Tai

"Waliokuambia hii ni halali ni vipofu," alisema Orrin Tadlock, "na upofu wao wamekulipisha."

"Vipofu watatu, Orrin? Barua ina sahihi tatu. Wewe una jicho moja zima, na hilo nalo linatoa machozi ukikata kitunguu cha jirani."

Baptiste Etcheverry, mfugaji wa kondoo, alikuwa ameegemea kabati la kioo kana kwamba amelilipia. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameleta dola ya fedha ya marehemu baba yake, na Orrin akaisukuma kwake kwa kidole kimoja, akasema ni ya kughushi. Baptiste hakukubali. Aliituma kwa wapimaji wa mbali, wenye hadubini na mashahidi, na sasa amerudi na jibu lao.

"Gundi ni gundi," alisema Orrin. "Hata ikipigwa muhuri."

Mimi nilikuwa mezani nikiandika bahasha za wateja. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mmoja katika duka lile la sarafu la Orrin, na nilijua kuwa Orrin akianza kurudia maneno, ameingiwa na hofu.

Alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Dola yoyote ikiletwa pale Carson, kwanza aliitia kwenye mizani. Halafu aliidondosha juu ya ubao aisikie ikilia, maana fedha hulia na risasi hunung'unika. Halafu aliangalia nywele za mwanamke aliyechorwa upande mmoja, juu ya sikio, na kifua cha tai upande wa pili, huko ndiko kuchakaa kunakoanzia. Mwisho kabisa, kwa kioo cha kukuzia, aliangalia chini ya tai. Pale ndipo penye C mbili za kiwanda cha sarafu cha mji wetu. Dola isiyo nazo unaweza kuilia nyama choma ikaisha. Dola ya mwaka 1879 yenye nazo inanunua gari kuukuu na petroli ya mwaka. Basi matapeli wakawa wanagandisha herufi kwa gundi. Sheria ya Orrin ilikuwa moja: madini yakiwa na makovu kuzunguka herufi, toka nayo.

"Soma barua, bwana," alisema Baptiste. "Au nikusomee kama mtoto?"

Orrin akasoma. Akageuza ukurasa penye picha kubwa ya herufi, akarudi mwanzo, akasoma tena. Wapimaji walieleza kuwa mwaka ule mafundi wa Carson walichonga kwanza herufi ndogo kwenye muhuri wa chuma wa kupigia sarafu. Baadaye wakazikwangua, wakapiga kubwa juu yake. Kazi mbovu. Makovu yalibaki kwenye muhuri, na dola zikazaliwa nayo. Si gundi. Ni mafundi wetu wenyewe.

"Ulimwita baba yangu mjinga," alisema Baptiste. "Mbele ya mke wangu."

"Nilimwita. Nisamehe, Baptiste."

Yule mtu alikuwa amekuja kupigana, na sasa hakuwa na wa kupigana naye. Alichukua dola yake, akasitasita mlangoni kidogo, akasema, "Haya basi," akaenda.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Orrin aligeuza kibao cha mlangoni kufunga duka, jambo ambalo hata siku ya mazishi ya mkewe alilifanya saa nane.

"Dola ya mama ilikuwa na makovu yaleyale," aliniambia. "Ile ya Maudine."

Habari ya ile dola nilikuwa naijua nusu. Mama yao alipokufa, Orrin alipewa saa ya babu, na dada yake Maudine akapewa dola ya 1879 iliyokaa miaka ndani ya soksi. Maudine alikuwa akihudumu katika mkahawa, na kwenye kona ya Barabara ya Tano kulikuwa na chumba kidogo alichotaka kukipanga auze pai zake mwenyewe. Aliileta dola kwa kaka yake mwaka 1962, ajue itamlipia kodi ya miezi mingapi. Kaka akaangalia chini ya tai, akamwambia ni takataka. Maudine alitoka na hasira zake, akaitumbukiza kwenye mashine ya kamari iliyokuwa mlangoni mwa duka la vyakula. Mashine ilimeza, haikutema hata senti. Chumba kikachukuliwa na kinyozi. Yeye akabaki kwenye mkahawa wa watu miaka kumi na tisa, na miguu ikamvimba.

Lakini si kodi iliyomchoma. Aliamini mama yao alijua. Mwana wa kiume saa ya dhahabu, mwana wa kike dola ya bandia. Tangu siku ile hakukanyaga kaburini.

"Nisipomwambia hatajua kamwe," alisema Orrin.

"Atajua nini? Kwamba wewe ni mjinga? Hilo analijua," nilimjibu. "Asilojua ni la mama yake. Vaa kofia."

Nikaendesha mimi. Tulimkuta jikoni nyuma ya mkahawa, amekaa kwenye kreti, beseni la matufaha mapajani.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Orrin. Alisimama na kofia mkononi, akasema yote bila kuyapamba: makovu, mafundi, barua, bei. Bei aliitaja mara mbili.

Maudine hakuacha kumenya. Ganda lilishuka refu, likakatika.

"Kwa hiyo Mama hakunipa takataka."

"Alikupa kilicho bora. Saa yangu ilisimama mwaka uleule."

Mpishi alichungulia, nikamfukuza kwa macho.

"Na ulinilipisha," alisema hatimaye.

"Nilikulipisha nini?"

"Senti hamsini za kuangalia. Ulisema hata ndugu hulipa, biashara ni biashara. Zile nazitaka."

Orrin alipapasa mfukoni, akatoa nusu dola. Maudine aliigeuza, akatazama ukingo wake.

"Hii ina mstari wa shaba, kaka, si fedha tupu. Mimi nilikupa ya fedha."

Uso wa Orrin uliiva. Alifungua kijifuko cha kizibao, pale alipoweka nusu dola moja ya zamani ya kulinganishia nyingine, akampa. Maudine aliidondosha juu ya meza ya bati. Ikalia vizuri. Akaitia ndani ya mfuko wa aproni.

"Hizo senti hamsini zimekwisha," alisema.

"Na hayo mengine, Maudine?"

"Hayo mengine huna mahali pa kuyatoa." Alimsogezea kisu cha pili kwa kiwiko. "Kaa. Menya."