Tanki ya Maji Kule Livingstone

Nilikuwa nimeshika beseni yenye matapishi ya mutoto yangu wakati musimamizi wa gesti alisimama mulangoni, vidole puani, akaniambia kwa Kibemba: "Mayo, mama, samaki yenu inanukisha nyumba yote. Muitoe, ao mutoke nayo."

Pale uvumilivu wangu uliisha. Siku tatu nilikuwa nimejizuia.

Tulitoka Nchelenge, siku mbili ndani ya basi. Bwana yangu aliniahidi maporomoko ya maji ya kule Livingstone tangu harusi, na mutoto, ana miaka mine, alitaka kuona gari-moshi tu, kwa sababu kwetu haiko. Ile samaki ilikuwa chisense, dagaa yetu ya ziwa Mweru, mufuko moja, zawadi ya kupelekea shangazi ya bwana yangu anayeishi kule Livingstone, hatukuwa tumemufikia bado. Niliianika mimi mwenyewe juu ya muchanga. Chisense iliyokauka muzuri inanuka ziwa na jua. Bafu ya gesti ilinuka kitu kingine, kitamutamu, kama kidonda kilichofungwa muda murefu. Nililalamika siku ya kwanza, wakapuliza manukato. Sasa ikanuka kidonda chenye manukato.

Na mimi, mujinga! Kwetu maji ya ziwa ninaichemsha hata nikichoka mpaka kulia. Lakini hapa nilijiambia: huu ni muji wa zamani, wa reli na majengo ya wazungu, robine yake, bomba ya maji, haiwezi kuwa na uchafu. Nikamupa mutoto maji hivi hivi.

Kwenye makumbusho ya reli hakutaka hata kupanda injini. Alichuchumaa karibu na gurudumu, akaharisha. Maporomoko niliona nusu. Nusu ingine nilikuwa nyuma ya kichaka, ninamupanguza na kitenge yangu, watalii wanapita na makoti ya mvua, wanageuza macho.

Basi pale mulangoni niliweka beseni chini, nikafungua mufuko, nikamuwekea musimamizi chisense chini ya pua, wageni wengine wanaangalia. "Nusa, baba. Nusa muzuri. Ndiyo hii inanukisha nyumba?"

Akarudi nyuma. "Sitaki mambo ya samaki, mayo."

"Basi kuja kwenye ile inanuka."

Nilifungua robine ya bafu. Maji ilitoka na unyoya. Bwana yangu alitoka inje. Alichukua ngazi, akapanda mpaka kwenye tanki. Haikuwa na kifuniko. Alishuka na njiwa wawili ndani ya ndoo, wamevimba, wamelainika kama ugali iliyolala kwenye maji, macho hakuna. Mama wa chumba cha pili, muswaki bado mudomoni, alitema mpaka akapiga magoti.

"Ni ndege tu," musimamizi alisema. "Tutatia klorini."

"Ndege tu? Kunywa basi! Kunywa, tuone!"

Hakunywa.

Kwenye kliniki walimutundikia mutoto dripu. Nilimuacha na baba yake, nikaenda kwenye ofisi ya afya ya muji. Musichana wa pale alisema wageni wanakasirika, wanarudi kwao, hakuna anayeandika malalamiko. Mimi niliandika, jina ya gesti juu kabisa, akapiga muhuri mbele yangu:

"Mimi ni mama kutoka Nchelenge. Mutoto yangu amelazwa kwa sababu ya maji ya gesti niliyotaja hapo juu. Tanki yake haina kifuniko, na leo asubuhi tulitoa ndani yake njiwa wawili waliooza. Musimamizi aliona kwa macho yake, na maji bado inatumika. Siombi pole. Naomba mutu wa afya apande yeye mwenyewe, leo, afunge ile maji kabla wageni wa jioni hawajafika. Kuna watoto mule."