Fidla za Upande wa Kushoto

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Shinyanga, kanda yangu ikiwa mfukoni. Padri mmoja aliyerejea kwao alikuwa ameniachia redio kaseti ndogo ya mkononi pamoja na kanda hiyo ya okestra, muziki wa kale wa Ulaya, nami nilitaka spika za kutumbukiza masikioni ambazo zingenipa muziki ule bila kupunguza kitu. Nilikuwa mwalimu wa shule na wa kwaya kwa miaka mingi. Niliamini kwamba Mungu alininyima vingi, lakini sikio hakuninyima.

Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa mji huo, aliyewaamkia wateja wake "mwangaluka" kwa Kisukuma safi kuliko changu. Alinipangia jozi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza, ya plastiki tupu, ilianguka kila nilipogeuza shingo. Ya pili ilivikwa sifongo. Ilipenda ngurumo na kumeza kila kilichopigwa kwa upole. Ya tatu ilikuwa na mpira laini ulioziba tundu la sikio hata kelele za barabarani zikafifia. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Hata hivyo kasoro moja ilizifuata zote: fidla, ambazo katika kanda ile zilipaswa kutoka kushoto, hazikuwapo. Nilisikia fidla kubwa tu za sauti nzito, upande wa kulia, zikijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Mzee, unauza vitu nusu," nilisema kwa sauti ya darasani.

Alizisikiliza moja baada ya nyingine. "Zinalia zote, mwalimu. Pande zote mbili."

"Basi mmoja wetu ni mwongo, na si mimi."

Wateja wengine wakageuka kututazama. Mzee alianza kuzikunja nyaya taratibu. Ndipo mwanamume mmoja, mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope, alipotokea kushoto kwangu na kuja kusimama kulia. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kutoka Bulyanhulu. Nakiri kwamba watu wa kazi ile niliwahesabu kuwa walevi tu.

"Shikamoo, mwalimu. Hii ni ya tatu."

"Ya tatu nini?"

"Shikamoo ya tatu! Mbili nimekupa nikiwa upande ule, umekaa kimya kama gogo. Nikasema, huyu ana maringo. Kumbe."

"Kumbe nini?"

Bila kuomba ruhusa aliichomoa spika ya kushoto, ile niliyoiita mbovu, akaitumbukiza katika sikio langu la kulia.

Fidla zikaja zote kwa pamoja, kali na safi.

"Imefufuka?" aliuliza, na mtu mmoja akacheka. "Kule shimoni, kabla ya kuingia, tunagonga mwamba kwa nyundo tusikie kama umeachia, usije ukatuangukia. Mwamba hausemi uongo. Masikio ndiyo yanasema. Langu la kulia lilikwenda na baruti. Lako limekwenda na nini?"

Hadi leo sijui. Lakini kilichonitoa jasho hakikuwa sikio. Katika kwaya yangu, wanawake wa sauti ya kwanza walisimama kushoto kwangu. Niliwakaripia muda mrefu nikidhani ni wavivu, na miezi miwili kabla ya siku ile nilimfukuza mmoja wao, mjane aliyesimama mwisho kabisa wa safu. "Kwaya si mahali pa kuchezesha midomo," nilimwambia, wenzake wote wakisikia. Alifunga kitabu chake, akaondoka.

Nilimwomba mzee radhi kwa sauti ileile niliyomtukania, nikachukua ile jozi yenye mpira. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa yule mama. Nilimkuta uani akianika michembe juu ya jamvi. Nilimweleza yote, nikamwomba arudi. Aliendelea kutandaza vile vipande vya viazi, kimoja kimoja.

"Ulinifukuza mbele ya watu, mwalimu," alisema hatimaye. "Mbona unanirudisha uani?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya haki. Hakuna kilichowahi kunipiga namna ile.

Siku ya mazoezi nilisimama mbele ya kwaya nzima, yeye akiwa mlangoni, nikasema kwamba mwongo nilikuwa mimi. Kisha nikawaomba sauti ya kwanza wahamie kulia kwangu. Mjane akaingia, akashika nafasi yake, akaimba, nami nikamsikia hadi pumzi yake. Kushoto, wanaume wa besi waliowapisha walifungua midomo yao mikubwa bila kutoa mlio wowote. Safari hii sikumkaripia mtu.