Kiatu cha Njano kwa Kiatu Cheusi

Mtaa wa Rockey, hapa Yeoville, Johannesburg, una wataalamu wa mpira wengi kuliko wachezaji. Najua, kwa sababu karibu wote hukaa dukani kwetu. Upande mmoja wa duka Clémence anasuka nywele, upande wa pili mimi, Masika, nina cherehani yangu, na katikati kuna benchi tulilonunua kwa ajili ya wateja. Wateja husimama. Benchi ni la wataalamu.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni Clémence, ambaye hajawahi kujiita mtaalamu wa kitu chochote, hata wa nywele, ingawa wapo wanawake wanaotoka Pretoria kuja kusukwa naye. Ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mrefu, mwenye sauti ya chini, na ni mbishi kama watu wapole walivyo wabishi: hajibu, anafanya tu. Mwaka ule wa 2011 alikuwa mwenyekiti wa Tumaini, timu ya wahamiaji wa mtaani kwetu. Msidhani alipigiwa kura. Mwenyekiti wa zamani alihamia Cape Town akaacha mfuko wa jezi chafu. Wanaume wakautazama ule mfuko, wakatazamana, kila mmoja akakumbuka ana shughuli. Uongozi ukamwangukia aliyekuwa na sabuni.

Timu zetu hazikuwa za mpira tu. Huku hatuna shangazi wala wajomba. Ukiugua, timu yako ndiyo inayokuja kukaa kando ya kitanda, na ukifa, timu yako ndiyo inayobeba jeneza, imevaa jezi. Asiye na timu ana majirani, na majirani wanakwenda kazini.

Baada ya fujo za 2008 za kuwafukuza wageni, wazee wa ligi waliona kwamba timu za Wakongo peke yao, Warundi peke yao na Watanzania peke yao zilikuwa zinatufundisha kugombana sisi kwa sisi, kana kwamba waliotufukuza hawakutosha. Wakabuni Siku ya Viatu. Kila Februari, kabla ligi haijaanza, wachezaji wote wanapanga kiatu kimoja kimoja kwenye nyasi za uwanja wa Observatory, kisha viongozi wa timu wanachagua kwa zamu. Ukichagua kiatu, mwenye kiatu ni wako mwaka mzima. Baadaye kuna muda wa kubadilishana, kiatu kwa kiatu, mpaka refa apige filimbi. Kiatu hakina taifa, wazee walisema. Ni kweli kabisa, ila kila mtu anakijua kiatu cha kila mtu, maana tumeviona vikianikwa madirishani. Tukaendelea kujifanya hatujui, na amani ikawepo.

Februari ya mwaka ule Clémence aliokota kura ya kwanza. Hakusita, akaenda moja kwa moja kwenye kiatu cha njano. Kilikuwa cha Alain, kijana wa Gitega, mfungaji bora wa ligi nzima, na nje ya mstari wanaume walirukaruka wakapuliza vuvuzela zilizobaki za Kombe la Dunia. Jean-Paul alinikumbatia hata mimi. Huyu Jean-Paul ni fundi simu kutoka Lubumbashi, beki wa Tumaini, na mkuu wa benchi letu la wataalamu. Clémence alimchagua na yeye, katika zamu za katikati, na Jean-Paul akasema alikuwa akitegemea zamu ya pili.

Mwishoni kikabaki kiatu kimoja, cheusi, kimepigwa rangi kama kinakwenda harusini, na kamba yake niliishona mwenyewe kwa vipande vya kitambaa. Kilikuwa cha Elisée wa Uvira, mlinzi wa geti la ghorofa moja pale Observatory. Tangu zamani hakuwa mchezaji wa kuogopwa, lakini mwaka huo daktari alikuwa amemwambia moyo wake umevimba. Kukimbia hakuwezi, na ngazi anazipanda kwa vituo. Kila mtu alijua kwamba atakayemchukua Elisée hachukui mchezaji, anachukua safari za hospitali, na pengine jeneza.

Timu zote zilikuwa zimejaa isipokuwa Radi, timu ya Mwadini, muuza vifuniko vya simu kutoka Tanga. Alikuwa na nafasi moja.

"Mimi nitacheza pungufu," alisema Mwadini, kwa adabu sana. "Nafasi yangu naiacha wazi."

Elisée alikuwa amesimama mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi, anatabasamu. Wanaume wote waligundua ghafla kwamba mawingu ya Johannesburg yanavutia. Mtu mmoja tu ndiye aliyeshuka uwanjani.

"Kaka Mwadini, kichukue wewe, kisha tubadilishane," alisema Clémence.

"Kwa kiatu gani, dada yangu?"

Akamwonyesha cha golikipa wetu. Mwadini akatikisa kichwa. Akamwonyesha cha kiungo. Mwadini akatabasamu, maana amekaa nyuma ya meza ya biashara miaka mingi na anamtambua mteja ambaye hawezi kuondoka bila kununua.

"Nipe cha njano."

"Hapana, Mama! Hapana!" Jean-Paul alipiga kelele kutoka ukingoni. "Mama Clémence, wacha ile kintu!"

Refa alikuwa ameshaiweka filimbi mdomoni. Clémence alikitazama kiatu cheusi, akamtazama Elisée na soksi yake, kisha akainama akaokota kiatu cha njano na kumpa Mwadini. Filimbi ikalia.

Wiki iliyofuata sikushona hata gauni moja kwa amani. Benchi lilijaa, na waliokosa benchi walikalia ndoo zetu. Mmoja alisema Mama amerogwa. Mwingine, ambaye hajapiga mpira tangu utotoni, alichora uwanja mzima sakafuni kwa chaki yangu ya kushonea ili atuonyeshe jinsi Alain angetupa ubingwa. Wa tatu akashauri Elisée awekwe golini, kwa sababu golikipa hakimbii. Huyo tulimwomba aende akanunue maziwa. Clémence alisuka tu. Mteja wake, mama wa Kizulu asiyejua neno la Kiswahili, aliniuliza kwa ishara kama kuna mtu amefariki.

Jumamosi wakaitisha kikao, hapo hapo dukani, kumwondoa kwenye kiti. Elisée naye alikuja, akakaa karibu na mlango kwa sababu hakutaka kuchukua nafasi ya mtu. Jean-Paul alisimama. Alikuwa amevaa tai.

"Mama Clémence, tunakuheshimu mingi," alianza. "Lakini tuelezee. Alain anafunga magoli. Ule mzee anafunga nini? Anafunga geti! Timu haiko kanisa, Mama. Timu haiko hôpital. Timu ni magoli. Mutu mwenye huruma abaki na huruma yake ku nyumba."

Wakapiga makofi. Elisée aliinuka polepole.

"Ndugu zangu, anasema kweli," alisema. "Mama, mimi siwezi kuharibu watu. Nenda umwambie Mwadini arudishe kijana. Mimi nitakaa tu, Mungu yuko."

Hapo ndipo Clémence alipoweka kitana chini. Nimefanya kazi naye miaka mingi na sijawahi kumwona akiweka kitana chini katikati ya msuko.

"Kaa, baba," alimwambia Elisée. Kisha akageuka. "Jean-Paul, siku tulipomzika Juvénal wangu ulikuwa wapi?"

Hapa lazima nieleze. Juvénal alikuwa mume wake. Walikuwa na spaza, duka dogo la mtaani, kule Diepsloot mpaka 2008, ambapo duka lilifunguliwa na watu wasio na ufunguo, nao wakamvunja nyonga alipokuwa akitoka. Wakahamia Yeoville. Siku ya Viatu ya kwanza kabisa, mwaka 2009, Juvénal alipanga kiatu chake pamoja na wengine, ingawa alikuwa anachechemea. Kiatu hicho kilibaki kwenye nyasi. Jioni alikirudisha nyumbani mkononi. Majira ya baridi ya mwaka huohuo mapafu yakamuua.

"Mi nilikuwa ku kazi," alisema Jean-Paul.

"Wote mlikuwa kazini. Mlinitumia pole, na mlisema mngekuja lakini si mtu wa timu yenu, na timu yake haipo. Makaburini tulikuwa watatu: pasta, mimi na Masika. Jeneza halikubebeka. Masika ndiye aliyeenda kumwomba dereva wa gari azime injini aje atusaidie, na yule dereva alipofika akauliza, huyu alikuwa hana watu?" "Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina. Haya, anayetaka kiti hiki akichukue sasa hivi. Na mfuko wa jezi uko pale."

Wanaume wakautazama mfuko. Ulikuwa umejaa. Jean-Paul akalegeza tai yake, akasema kwa kuwa ligi imekaribia, si vizuri kubadilisha uongozi. Kikao kikafungwa. Mimi nililia nyuma ya cherehani, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa sababu lile swali la dereva nililisikia na mimi, nikiwa nimemshika Clémence mkono.

Sasa, kama hii ingekuwa hadithi ya kanisani, Tumaini ingechukua kombe. Hatukuchukua. Tulipigwa na kila mtu. Radi walitupiga mara mbili, na Alain alipotufunga goli la tatu alituomba radhi kwa mkono, jambo lililouma kuliko goli. Wataalamu walikuwa wakirudi benchini kila Jumapili jioni na nyuso za misiba, wakinitazama mimi kana kwamba nilikuwa golini.

Elisée alikaa pembeni ya uwanja na jezi yake, akikata machungwa. Alilazwa mara mbili. Kila mara timu ilikwenda, kwanza kwa kununa, watu wanaangalia saa, kisha bila kununa. Nesi mmoja alilalamika kwamba kitanda hicho kina ndugu wengi mno. Elisée alimwambia ni kweli, ukoo wetu ni mkubwa na hauna nidhamu. Wachambuzi walikuwa wamekwisha kumzika tangu Februari, wakapanga hata nani atashika upande gani wa jeneza. Yeye akaendelea kula machungwa.

Aliyeanguka ni Jean-Paul. Mwezi wa tisa alikwenda kuurukia kwa kichwa mpira ambao haukumhusu, akatua vibaya, goti likaenda upande ambao goti haliendi. Wakamfunga plasta, wakaondoa plasta, na daktari akamwambia mpira sasa autazame kwenye televisheni. Tulikaa naye hospitali, kama kawaida. Elisée alimpelekea machungwa.

Februari iliyofuata tukarudi Observatory. Viatu vikapangwa. Jean-Paul alikuja na mkongojo, akainama kwa taabu akaweka chake: cheupe, kipya, kwa sababu alikinunua kabla ya kuumia. Viongozi wakachagua kwa zamu. Clémence alianza na kiatu cheusi cha kamba ya kitambaa, katika kura ya kwanza, mbele ya watu wote, na hakuna aliyepuliza vuvuzela. Katika zamu zake nyingine alipata vijana wawili wazuri sana, mmoja winga wa Goma ambaye hata Alain alikuwa anamwogopa. Timu zikajaa.

Kwenye nyasi kikabaki kiatu cheupe. Radi walikuwa na nafasi moja.

Mwadini alikizunguka, mikono nyuma. Akamtazama Clémence, akatabasamu lile tabasamu lake la mezani.

"Dada yangu, biashara?"

"Unataka nani?"

"Winga."

Wataalamu wote walikuwepo ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hakuna aliyekuwa na maoni. Jean-Paul alikuwa ameegemea mkongojo, mguu mmoja una soksi. Alikuwa anatazama chini, shingo imelowa jasho, na nilimwona ameshika suruali yake kwa vidole kama mtoto anayengoja sindano.

Clémence hakuwa na haraka. Nadhani alistahili kutokuwa na haraka. Alimwendea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Jean-Paul, wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Winga wa Goma kwa mtu wa mkongojo. Tufanye, tusifanye?"

Jean-Paul aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Refa akaiinua filimbi.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo benchi letu halijawahi kuisikia, "mimi mpira siujue."

Clémence alimpa Mwadini kiatu cha winga. Kisha akamgeukia Elisée, aliyekuwa amekaa na kisu chake na machungwa yake.

"Baba, nenda ukatuletee kiatu chetu."

Elisée akainuka. Alivuka uwanja taratibu, akisimama kila alipohitaji kuvuta pumzi, na refa alimsubiri afike ndipo akapiga filimbi.