Shikamoo Kutoka Ndani ya Kilindo

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana nikianza sitaki mtu anikatize. Aibu hii niliwaficha hata watoto wangu kwa miaka mingi, mpaka juzi Hadija (rafiki yangu tangu utoto, mdomo wake hauna breki) alipoimwaga msibani, msibani jamani, watu wakashindwa kujizuia mbele ya wafiwa. Afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi.

Mimi utotoni nilikuwa naogopa watu. Si watu wabaya, watu tu. Nikitumwa dukani nazunguka nyuma ya nyumba zote za kijiji, napita kwenye miiba, ili nisikutane na mtu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Darasani jina langu likiitwa, anayejibu "yupo" ni Hadija, maana macho ya watu yakinigeukia kichwani hakubaki kitu. Neno moja tu ndilo lililokuwa linatoka lenyewe, nalo ni shikamoo. Mama angeweza kukusamehe ukivunja chungu, lakini kumpita mkubwa bila kumwamkia, fimbo yake ungeikumbuka mpaka mavuno. Kwa hiyo shikamoo yangu ilikuwa kama kwikwi, haikuomba ruhusa kwa mwenyewe.

Sasa, tulikuwa kwenye kijiji cha ujamaa, upande wa Ihanja, mwaka wa pili tangu tuhamie pale, na shule yetu ilikuwa na shamba la uwele kwa sababu siku zile shule ilitakiwa ijilishe yenyewe. Mwalimu wetu mkuu alikuwa Mwalimu Elia, mtu mpole, na ndiye peke yake aliyeniruhusu niandike majibu kwenye karatasi nimpelekee mezani badala ya kusimama na kusema. Basi ikaja barua kwamba mgeni wa mkoani anakuja kukagua mavuno, tuandae na burudani, na habari zikazagaa kuwa mwalimu mkuu atakayekutwa hana mavuno atahamishwa. Mimi nikatunga ngonjera (kwenye kalamu nilikuwa simba, mbele ya watu ndiyo nilikuwa panya). Mwalimu Elia akaipenda sana, akasema mtunzi ndiye ataianza. Nilitakiwa kusema "hapana, Mwalimu". Maneno mawili tu! Nikaitikia kwa kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichoniponza.

Wiki mbili nzima Darasa la Saba tulifanya mazoezi nyuma ya shule, mimi nachezesha midomo, sauti anatoa Hadija. Kumbe wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile uwele shambani, tulikuwa sisi hao hao, na kila mtu alidhani mwenzake ameachwa kule. Kweleakwelea wakashuka wakala uwele wakasaza mabua. Tulichovuna hakikujaa hata ndoo moja. Mwalimu Elia siku hiyo hakula, na kesho yake akafanya kitu ambacho hakikuwa tabia yake kabisa: akachukua kilindo cha shule, lile pipa kubwa la gome la mti la kuwekea nafaka, likiwa tupu, akachomeka ungo pale mdomoni, na juu ya ungo akaumwaga ule uwele wote ukawa kilima. Ukitazama unaona kilindo kimefurika. Tukaambiwa sisi wa Darasa la Saba tu, tunyamaze (kunyamaza, hiyo kazi niliiweza).

Siku ikafika. Uwanja ulijaa, wazazi wote, Mama yangu mbele kabisa na kitenge kipya, na mgeni ameketi kwenye kiti cha mikono, kofia kichwani na miwani. Nikachungulia nikaona yale macho yote, nikajiambia ngoja nijifiche kidogo tu, wakiniita wakanikosa Hadija ataanza, kisha natoka taratibu. Nikaingia ghalani. Ghalani hakukuwa na kitu cha kujifichia isipokuwa kilindo. Nikapanda dawati, nikauweka ungo pembeni, nikajitumbukiza (nilikuwa mwembamba kama ufito wakati huo, msinitazame hivyo), nikauvuta ungo nikaurudisha juu yangu. Giza, vumbi, raha mustarehe.

Nje wakaniita. Wakaniita tena. Hadija naye, badala ya kuanza, akakaa ananisubiri mimi! Mwalimu Elia akaona aibu inamjia, akamwambia mgeni kwamba ngonjera itafuata, kwanza tuyaone mavuno, akatuma wavulana wanne walete kilindo.

Hao wavulana walikuwa wamefundishwa kujifanya wameelemewa. Wakakishika kwa maringo, kikagoma kunyanyuka. Nikamsikia mmoja ananong'ona, "Mwalimu ameweka mawe." Wakabeba wakiguna kweli kweli, na baadaye Hadija aliniambia kuwa Mwalimu alikuwa anatabasamu kule mbele kwa jinsi walivyoigiza vizuri. Mimi ndani nimejikunja, nimeshikilia ungo kwa mikono miwili, uwele unanimwagikia shingoni, nasali sala zote ninazozijua na za kina Hadija nikaongeza.

Wakanitua mbele ya mgeni. Akasifu, watu wakapiga makofi. Halafu akafanya kile afanyacho mkulima yeyote akiona nafaka, akatumbukiza mkono wote, achote kutoka chini aone kama imekauka. Mkono ukagonga ungo. Akasukuma. Ungo ukapinduka, uwele wote ukanishukia kichwani, na nilipofumbua macho nikaona juu yangu uso wa mtu mzima, ana miwani, ananitazama.

"Shikamoo!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa, safi, kilindo chenyewe kikaikuza mpaka mwisho wa uwanja.

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo."

Ndipo akaruka nyuma, kofia ikaanguka. Akamgeukia Mwalimu Elia akamuuliza taratibu kama uwele wa hapa huwa unaamkia wageni. Nikasimama, kichwa na mabega vikatokeza nje, nywele zimejaa nafaka. Macho yale yale niliyoyakimbia sasa yote yako kwangu. Kichwani hakuna kitu isipokuwa ngonjera, basi nikaanza ngonjera:

"Mgeni wetu karibu, shule yetu kuiona..."

Na Hadija, mtoto mtiifu yule, akapokea papo hapo na mikono akanyoosha:

"Tumelima, tumevuna, na njaa hatutaona!"

Tukaenda hivyo, ubeti kwa ubeti, mimi ndani ya pipa, yeye nje. Kuku wa kijiji wakaja, mmoja mwekundu akarukia ukingo wa kilindo akawa ananidonoa uwele kichwani, na mimi naogopa kumfukuza nisije nikasahau mstari. Tukafika ubeti wa mwisho, nikapaza sauti: "Kilindo kimeshajaa, nafasi tena hakina..." Nikatazama chini. Nafasi ilikuwepo ya mtoto mwingine na kuku wake.

Mwalimu Elia alikuwa amevua kofia, anatazama viatu vyake. Mgeni akaniuliza, "Binti, uwele uko wapi?"

Niliona kabisa kwamba mtu mwema yule anahamishwa kwa sababu ya kichwa changu kilichoshindwa kutikisika upande upande. Nikaanza na nilichokiweza.

"Shikamoo."

"Marahaba tena. Uwele?"

"Ndege wameula, baba. Waliotakiwa kuwaamia ni sisi, na sisi tulikuwa tunafanya mazoezi ya kukuimbia wewe. Barua ilisema tuandae burudani."

Mgeni akakohoa. Akafuta miwani, akaivaa, akaivua akafuta tena. Barua ile alikuwa ameitia sahihi yeye. Akasema kwamba Mwalimu atabaki, kwamba mwakani atakuja na asiimbiwe na mtu, na kwamba uongo wa ungo asiuone tena. Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza. "Na huyu binti," akasema, "kuanzia msimu ujao ndiye awe mkubwa wa waamia ndege. Sauti anayo."

Msimu mzima, jamani, hata baada ya kumaliza shule, mimi niliyepita kwenye miiba ili nisionwe, nilisimama juu ya dungu, kile kichanja cha mlinda shamba, katikati ya shamba, kijiji kizima kinaniona, napiga kelele toka alfajiri. Mwalimu Elia alikuwa akipita kila asubuhi, ananivulia kofia, na mimi namtupia shikamoo yake mpaka ndege wanaruka. Uwele ule tuliuvuna.

Tangu hapo nimeapa, jambo nisilolitaka nalikataa kwa mdomo, kichwa changu nimekinyang'anya kazi hiyo. Ila aibu haijaisha. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Hadija, ana kilindo cha mama yake pale ukumbini, na wajukuu wake watatu wakajipanga mbele ya kile kilindo wakakiambia kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Na mimi nimekaa zangu kwenye kochi, sijui nini kilinituma, nikaitika marahaba.