Kiti Huanzia Ukingoni

Mtu asiyeona akicheka peke yake sebuleni, wenye macho huingiwa na wasiwasi. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile mchana. Binti aliacha vyombo kwenye karo, akaja mikono ikichuruzika maji, akamkuta mama yake amekumbatia redio huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Mama, kuna nini?"

"Keti nikuambie. Wamegundua kwamba wewe ni picha."

Mtaa mzima ulimwita Mama Viti. Alikuwa fundi wa kusuka vikalio vya viti kwa nyuzi za henzirani, kazi aliyofundishwa na baba yake kabla hajaolewa. Kisha macho yakamwacha taratibu, kama mpangaji anayehamisha vyombo kimoja kimoja: kwanza maandishi ya gazeti, halafu nyuso za watu, mwishowe mwanga wa dirishani. Binti yake alikuwa bado anavaa sare ya shule. Watu walimjia na pole zao hadi zikamchosha, akawa anawauliza wamekuja na kiti gani. Aliyekuja bila kiti aliaga mapema.

Mikono haikuugua, na kazi yenyewe haikudai macho sana. Fremu ya kiti hutobolewa matundu kuizunguka pande zote, kila uzi ukatoka tundu hili kwenda lile. Ukiyajua matundu ya ukingoni, kikalio chote cha katikati umeshakijua, hata kabla ya uzi wa kwanza. Kiti kikikamilika, Mama Viti alikikalia yeye kwanza, tena kwa uzito wake wote, ambao haukuwa haba. Kikinyamaza, mwenyewe aliruhusiwa kukichukua. Kikilia, kilirudi mezani na mteja alirudi kwake. Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake mpaka akawa muuguzi, na hakuna aliyemshika mkono.

Balaa lililetwa na wema. Siku moja ya mapumziko yake binti alikwenda karakanani kusafisha. Alifuta vumbi, akatundika mafungu ya henzirani, akasugua sakafu amepiga magoti. Tena, ili mama apate nafasi ya kupita, akalivuta benchi kutoka chini ya dirisha na kuliegemeza kwenye ukuta wa pili. Akaenda zake ameridhika, na la benchi hakulisema, kwa sababu mwenye macho haoni haja ya kutangaza kitu kilicho wazi mbele ya kila mtu.

Kesho yake asubuhi Mama Viti aliingia karakanani, akavua viatu, akageuka na kukaa pale alipokaa tangu enzi za baba yake. Benchi halikuwepo.

Aliyemwinua ni fundi redio wa chumba cha jirani. Kifundo cha mkono kiliteguka na kuvimba. Binti alikuja mbio, akalia kuliko mgonjwa, akafunga bendeji kwa ustadi, kisha akatoa hukumu: mama atahamia kwake, kazi basi. Ufunguo wa karakana aliutia mkobani. Jumatatu angeurudisha kwa mwenye nyumba, na chumba kingepewa mtu mwingine.

Mama Viti hakusema kilichomwangusha. Angesemaje? Mtoto amepiga magoti kwenye sakafu yako kwa mapenzi, umwambie mapenzi yake yamekutegua mkono? Fundi redio, aliyekuja kumjulia hali na kumletea redio ya kumliwaza, alimnong'oneza, "Mama, mwambie. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Niache. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

"Wewe hukujikwaa kidole. Umejikwaa mwili mzima."

Akabaki kwenye kochi la binti yake, kochi laini lisilo na msimamo, linalommeza mtu kiuno kizima. Chai ililetwa, kikombe kikaondolewa. Akitaka kuinuka, mtu alikuwa ameshamshika kiwiko. Alichukia. Iliyochukia zaidi ni mikono yake, iliyokaa mapajani siku nzima bila kuulizwa neno.

Na Jumapili hiyo, ufunguo ukiwa umebakiwa na siku moja, redio ikamletea mtaalamu wa mambo ya ulimwengu. Mtaalamu alisema kwa upole kwamba hakuna aliyethibitisha bado, lakini wapo wanaodhani kuwa dunia hii yenye urefu, upana na kina si kama inavyoonekana. Huenda kila kitu kimeandikwa mahali bapa, kwenye ukingo wa ulimwengu, na hivi vitu tunavyoviona vimejaa na vina uzito vinachomoza kutoka huko. Ni kama vile vibandiko vinavyong'aa, alisema, ambavyo ni bapa kama karatasi lakini ukivitazama unaona kitu chenye kina ndani yake. Hapo ndipo Mama Viti alipocheka.

"Lete kitambulisho chako cha kazi," alimwambia binti yake baada ya kumsimulia yote. "Si ulisema kina kibandiko kinachong'aa?"

"Kinacho."

"Unaona nini?"

"Ndege. Ukikiinamisha, utadhani anatoka nje."

Mama Viti alipitisha kidole gumba juu yake, akaenda, akarudi. "Mimi naona plastiki. Sasa hapa kipofu ni nani?"

Binti alicheka bila kutaka. "Lakini mtaalamu mwenyewe kasema huenda, Mama."

"Huenda inanitosha. Miaka yote mmeniambia dunia ya kweli iko huko mnakoiona nyinyi, mimi nimebakishiwa makombo. Nami nikanyamaza. Leo imesemwa redioni, tena na msomi, kwamba huenda na nyinyi mnatazama sinema. Ati mambo yote ya katikati yameandikwa ukingoni! Baba yangu alikuwa akinipigia kelele hilo hilo kila nikikosea tundu. Nirudishie ufunguo wangu."

"Mama."

"Nirudishie."

Binti alijifuta mikono kwenye gauni. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya wodini, ya chini na isiyoyumba. "Sawa. Dunia ni picha. Lakini mkono wako umevimba, nimeufunga mimi mwenyewe, na usiku nakusikia ukiguna. Hiyo nayo ni sinema?"

Mkono ulikuwa ukimpwita Mama Viti wakati ule ule, kana kwamba umeitwa kutoa ushahidi. Hoja ilimchoma, na bado alijivunia aliyeitoa, maana ni yeye aliyemlea.

"Hapo umenena," alisema. "Maumivu ni ya kweli, hata kama dunia ni picha. Nakubali. Basi na kazi yangu ni ya kweli. Huwezi kuniachia maumivu kwamba ndiyo ya kweli, halafu kazi ukaichukua kama mchezo. Chukua vyote au uache vyote."

"Si kazi ninayoogopa." Sauti ya wodini ilikatika. "Ulianguka mahali pako, Mama. Pale ulipopazoea kuliko kitanda chako. Kama umeanza kupotea pale, utakuwa salama wapi? Nimewaona wazee wanavyoanza. Huanza hivyo hivyo."

Kumbe! Mtoto hakuogopa mtaro wa njiani wala kisu cha kukatia nyuzi. Aliogopa kwamba akili ya mama yake imeanza kufuata macho, na ameibeba hofu hiyo peke yake tangu siku ya bendeji. Mama Viti aliona haya kwa ukimya wake. Alidhani anamkinga binti yake, kumbe anamtesa, na wakati huo huo anajitia kifungoni mwenyewe.

"Vaa viatu," alisema. "Nipeleke karakanani. Ukitaka niiage kazi yangu, niiage nikiwa ndani yake."

Wakaenda. Binti alifungua mlango, na harufu ya henzirani iliyolowekwa ikatoka kuwapokea. Mama Viti alivua viatu, akasimama katikati ya chumba.

"Benchi liko wapi?"

"Lipo pale."

"Pale ni wapi, mwanangu?"

"Pale ukutani, nililisogeza siku ile niliposafisha, ili upate nafasi ya..." Hakumaliza. Katika chumba cha jirani, fundi redio alizima redio yake, kwa maana umbea nao ni kazi na unataka utulivu.

"Mimi sikupotea," Mama Viti alisema. "Lililopotea ni benchi."

"Mbona hukuniambia?" Binti alikuwa akilia sasa. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliisugua sakafu yangu umepiga magoti. Nilisema hili nitalimeza. Ningelimeza kweli, lakini umetaka kuninyima karakana, na karakana haimezeki. Usilie. Nakupenda, na nina hasira na wewe, na yote mawili yatakuwepo mpaka kesho. Rudisha benchi langu."

Alisikia pua ikifutwa. Kisha akasikia mbao ikikwaruza saruji, ikisimama, ikikwaruza tena.

"Hapa?"

"Bado. Sogeza."

"Hapa?"

"Karibu na dirisha. Jua linanipata begani nikiwa kazini. Bado. Hapo."

Kisha kikasikika kishindo kidogo cha chuma: ufunguo ukitundikwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Binti akamsogelea, na Mama Viti akahisi vidole vikikitafuta kiwiko chake.

"Niachie," alisema.

Vidole vikaachia. Mama Viti aliligeuzia dirisha mgongo, akakusanya gauni lake kwa mkono ule mzima. Hakupapasa nyuma. Hakuuliza kama ni hapo.

Akakaa, kwa uzito wake wote. Benchi lilikuwepo.