Mama Kristiana Avukia Upande wa Wanaume

Yusto wa Kizwite alianza maisha kwa kufungua redio za watu na kuzifunga tena. Biashara zilipofunguliwa, bidhaa za kila namna zikapanda mpaka huku kwetu Sumbawanga, watu wakaacha kutengeneza, ikiharibika wananunua nyingine. Wenzake wengine wakateremka Kasanga kubeba mizigo ya boti. Yeye akajipatia kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo, akaiweka chumbani alikolala, akapigilia mablanketi ukutani ili upepo wa Ufipa usije ukaingia kwenye nyimbo. Majirani wakasema huyu Yusto anaisikia baridi kuliko sisi wote. Si mtu wa maneno, kazi yake ni kusikiliza.

Kwaya ya kwanza kurekodi mle chumbani ilitoka Kaengesa. Maiki ilikuwa moja tu, kwa hiyo waliimba kwa zamu: wanawake, halafu wanaume, mwisho Mama Kristiana peke yake, maana ndiye anayewaanzishia nyimbo. Yusto alipowaunganisha kwenye kompyuta aliwapanga kama alivyozoea kuwaona kanisani tangu utoto, wanawake spika ya kushoto, wanaume ya kulia. Mama Kristiana akamweka kushoto kabisa, palepale anaposimama kila Jumapili. Akaona ametenda la heshima.

Kabla kaseti haijatoka, Mama Kristiana akaanguka kwenye shamba la ulezi. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakakataa kutoka. Kaseti akapelekewa huko huko nyumbani.

Asubuhi moja ya upepo, mumewe, Mzee Felisian, naye mwimbaji wa besi kwenye kwaya hiyo, akabisha hodi kwa Yusto.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Shikamoo baba."

"Marahaba, ila leo nimekuja na ugomvi. Kwa nini mmemtoa mama yenu?"

"Kumtoa wapi, baba?"

"Kwenye wimbo! Nimemwekea aisikie sauti yake, maana kwa sasa hana nyingine. Tunatoka wanaume watupu, tunanguruma kama madume ya ng'ombe. Yeye hayupo. Wanawake wote hawapo! Akageukia ukutani. Uji hataki, kuniangalia hataki. Anajua mmemfuta kwa sababu hawezi tena kuimba."

Yusto akamkalisha kitandani, akaufungulia wimbo. Mama Kristiana akatoka spikani mzima, na ile sauti yake yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kucheka. Mzee akavua kofia, akasahau kuirudisha.

"Yupo," akasema polepole. "Sasa kwangu anajificha wapi?"

Hapo fundi wa redio aliyelala ndani ya Yusto akaamka. "Baba, redio yako spika zote mbili zinaongea?"

"Inaongea moja. Ile nyingine ilimwagikiwa kimpumu kwenye harusi ya Hellena, binti yetu. Ikalewa, ikalala mpaka leo."

"Ya upande gani?"

Mzee akanyoosha mikono mbele, kana kwamba redio iko magotini pake, akatikisa wa kushoto.

Yusto akajishika kichwa. Amefungua redio za mji mzima, anajua ni ngapi humu zinaishi na spika moja. Akili yake ilikuwa kanisani, ikasahau majumbani.

"Nisamehe, baba. Narekebisha sasa hivi. Ona, sauti yake ina mistari miwili. Huu ni nguvu: naweka nukta hapa, nikiivuta juu anapaza, nikiishusha ananong'ona. Huu wa pili ni mahali: juu anakwenda kushoto, chini anakuja kulia. Nikishachora, kompyuta inaufuata mstari yenyewe kila wimbo ukipigwa."

Mzee akausogelea ule mwanga wa kioo. "Kwa hiyo anaweza kutembea?"

"Anaweza."

Mzee akaizungusha kofia mikononi.

"Tangu tufunge ndoa, kanisani yeye kule, mimi huku. Mvushe. Mlete kwangu."

Yusto akawasogeza wale wanawake wengine karibu na katikati, ili na mwenye spika moja awapate. Mama Kristiana akamwanzisha kushoto kidogo, akiwa chini chini. Akaweka nukta, akavuta kipanya. Sauti ikaruka ghafla.

"Aka! Ameruka kama mbuzi! Huyo ni mtu mzima, Yusto."

Yusto akacheka, akazitenga nukta mbali mbali mpaka mstari ukawa mteremko mrefu. Sasa alitembea. Lakini alipofika kulia akazama.

"Besi zinamfunika. Kwenye ubeti wake lazima wanaume washuke."

"Hiyo inayonguruma zaidi ni ya nani?"

"Yako, baba."

Mzee akakohoa. "Nishushe. Nimeongea vya kutosha nyumba ile."

"Ubeti ukiisha nikurudishe?"

"Nirudishe taratibu. Asije akadhani nagomba."

Wakadandia lori la mahindi pamoja mpaka Kaengesa, kaseti mpya ikiwa mfukoni mwa Yusto.

Mama Kristiana alikuwa bado ameelekea ukutani. Mumewe akabonyeza redio. Sauti ikaanza kwa mbali, kama mtu anayekuja kutoka kisimani, ikakaribia, ikawa mle ndani. Bega chini ya blanketi likatulia. Halafu akageuka mwenyewe, kwa taabu, akiwakatalia msaada. Mkono wa kushoto ukaanza kupiga mapigo juu ya blanketi, ukiwazuia wanaume wasikimbie, kama ulivyokuwa ukifanya kila Jumapili.

Mzee Felisian akainama, macho yamemlowa. "Umesikia, Mama Hellena? Si nilikwambia hawajaku—"

Mkono ukaacha mapigo, ukampiga kofi la gotini. Anyamaze. Ubeti wake ulikuwa haujaisha.