Nilichagua mtambo wa hedifoni kumtafuta mbwa wa marehemu mdogo wangu, wachimbaji wakadhani napima dhahabu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za leo.

Kuna mwenzetu ameuliza humu achague mtambo gani wa redio wa kufuatilia mbwa wa kuwinda. Wengi mmemjibu habari za umbali na betri. Mimi nitamjibu kwa yaliyonikuta. Shule yangu ni darasa la saba, kwa hiyo ya kitaalamu nawaachia wenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Geita. Asili yetu ni Didia, Shinyanga, ila baba alituhamishia huko porini tukiwa wadogo, kutafuta shamba. Mihogo ilikubali. Shida ilikuwa nguruwe pori.

Mdogo wangu Shija ndiye aliyekuwa mwindaji wa nyumbani. Alikuwa na mbwa jike mmoja, mwekundu, masikio yamesimama. Alimpa jina la Subiri, kwa sababu tangu akiwa mtoto akiona chakula hasubiri.

Likumbukeni hilo jina. Lilinitesa.

Shija alikufa kwa homa. Aliugua wiki moja tu. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi Subiri akaanza kutoroka. Anapita njia zote alizokuwa akipita na Shija, siku mbili, siku tatu, anarudi mbavu nje. Mama naye, kila asubuhi kabla sijamaliza kumwamkia, ananiuliza, "Mbwa wa Shija amerudi?" Nikisema bado, siku hiyo hali kitu.

Kwa hiyo habari za nguruwe zilikwisha. Niliwaza kitu kimoja tu: mbwa huyu akipotea moja kwa moja, mama naye nitamzika.

Nikasikia duka moja la vipuri vya redio pale Nyasubi, Kahama, limeletewa vyombo vya mzungu aliyekuwa akitafiti fisi na sasa anarudi kwao. Nikaenda.

Kwa asiyejua, mbwa unamvalisha mkanda wenye kidude kinachorusha mlio. Wewe unabaki na kiboksi na antena iliyokaa kama ya televisheni. Unazungusha antena polepole, ukiielekeza aliko mbwa mlio unakua. Ti, ti, ti. Ndiyo hivyo tu.

Mitambo ilikuwa miwili, bei sawa. Mmoja mkubwa kidogo, una spika, unalia hadharani kama kifaranga. Wa pili mdogo, hauna spika, unasikiliza kwa hedifoni.

Mwenye duka, mama wa Kihindi tuliyemwita Mama Rukhsana, akaniambia, "Kulwa, chukua hii ya spika. Watu wakikuona porini umeziba masikio watasema huyu kichwa kimeharibika."

"Mama, nguruwe watasikia."

"Nguruwe gani? Si umesema unatafuta mbwa?"

Wakuu, sababu yangu ya kweli sikumwambia. Tangu msiba, kila njia niliyopita watu walikuwa wananipa pole na kuniuliza Shija alianzaje kuumwa. Nilichoka. Nikaona mtu aliyevaa hedifoni hasemeshwi.

Nikachukua ya hedifoni.

Wiki mbili ilifanya kazi vizuri. Subiri akitoroka namfuata, namrudisha. Mama akaanza kula.

Halafu akapotea siku tatu. Mlio nikaukosa kabisa. Siku ya nne asubuhi nikaupata, hafifu, upande wa maduara ya zamani, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Nikaenda nikizungusha antena hadi nikafika kwenye duara moja ambalo mdomo wake umeporomoka, umebaki uwazi wa kupitisha kichwa. Hapo mlio ukawa mkubwa.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya wachimbaji waliokuwa wanapita kwenda kazini. Wanaona mtu kaziba masikio, anapitisha chuma juu ya ardhi polepole, kisha anasimama mahali pamoja na kutikisa kichwa.

Nilipogeuka walikuwa wanane nyuma yangu. Mbele yao Ngassa, mwenye duara la jirani.

"Kaka, kipimo kinasemaje?"

"Natafuta mbwa."

"Mbwa wa gramu ngapi?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Nikawaacha, nikalala kifudifudi kwenye ule uwazi, nikaita kwa nguvu, "Subiri! Subiri!"

"Hatusubiri, kaka. Hapa hakuna foleni."

"Ni jina la mbwa."

"Na mimi naitwa Haraka," akasema mwingine, akapiga sululu.

Wakaanza kuchimba. Kila sululu ikishuka, udongo unaingia shimoni, kule aliko mbwa. Nikawaomba wachimbe kwa pembeni. Wakasema nawapoteza, mwamba wa dhahabu nimeuona na nataka kuwaficha.

Nikaona niwape ushahidi. Nikamvalisha Ngassa hedifoni. "Sikiliza. Huo mlio unatoka shingoni kwa mbwa."

Akafumba macho, akasikiliza sana. Akafumbua.

"Jamani, inaongea."

Hapo tena ikawa balaa. Kila mtu anataka kusikia. Wakapanga foleni, wale wale waliosema hakuna foleni, na wengine walirudia mara mbili. Mama mmoja muuza uji akasema kwake imelia vizuri kuliko kwa wote. Betri yangu inakwisha, mbwa yuko chini, watu wanasikiliza kama taarifa ya habari.

Nikakaa juu ya kifusi, nikalia. Makaburini sikulia.

Nikasema tu, wala si kwa sauti, "Shija amekufa, mnataka na mbwa wake afe."

Ngassa akavua hedifoni.

"Shija gani? Shija wa nyama? Mwenye mbwa mwekundu?"

"Huyo. Ni mdogo wangu."

Sululu zikasimama. Kumbe Shija alikuwa akiwauzia nyama ya nguruwe pale, wanamjua wote. Walidhani amesafiri.

"Sasa kaka, si ungesema tangu mwanzo?"

"Tangu nimefika nasema mbwa."

"Ulisema mbwa. Hukusema Shija."

Wakuu, nilitaka kumpiga. Lakini alikuwa sahihi. Jina la Shija sikuwa nimelitamka mbele ya mtu tangu tumzike.

Baada ya hapo sikuambiwa la kufanya. Wale watu kutoa mtu shimoni wanajua. Wakachimba kwa pembeni, wakaweka matimba, ile miti ya kuzuia udongo, kisha yule aliyejiita Haraka akafungwa kamba akashuka. Akapandishwa na kiroba kifuani. Ndani yake Subiri, mguu umevunjika, ulimi mkavu, anapumua.

Ngassa alimbeba mwenyewe hadi nyumbani. Wote wanane walikuja, wakakaa na mama, wakampa pole, wakamsimulia Shija alivyokuwa akiwatania kwenye mizani ya nyama. Mama alimtazama mbwa, akauliza, "Amekula?" Kisha akaomba ugali wake.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, chukua yenye spika. Yangu ilifanya kazi yake sawasawa, ila ilinificha, nami nilikuwa nataka kufichwa. Yenye spika watu watakuuliza. Waache wakuulize, na uwajibu. Na mbwa mpe jina ambalo halichanganyi watu.

Pale mahali hadi leo panaitwa Subiri. Wageni wanaambiwa ni kwa sababu dhahabu yake inataka uvumilivu. Nimechoka kusahihisha.

Mwenye mtambo mwingine aliowahi kuutumia porini atuambie. Wa kuuliza kuhusu mbwa, nipo, nitajibu. Wa kuuliza kama dhahabu ilipatikana, arudi juu asome tena.